Niliwapelekea vijana wa Njiro habu zilizopasuka: huduma ya kuigiza ufuaji wa chuma kwa kompyuta

Mwezi wa tatu mteja wetu wa Chekereni alirudisha habu nne, yaani vitovu vya chuma vinavyobeba magurudumu, za tela la pawatila, lile trekta dogo la kushika kwa mikono. Alizileta mwenyewe ndani ya kiroba, akazimwaga juu ya meza yangu, akasema, "Mama, angalia. Zote zimepasuka mahali pamoja." Alikuwa anasema kweli. Kila moja ilikuwa na ufa pale shingo inapokutana na sahani, ufa mwembamba unaozunguka kama uzi, na moja ilikuwa imeachia kabisa tela likiwa njiani na mpunga. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Nilimrudishia fedha zake siku ileile, kisha nikabaki nikizitazama zile habu kwa aibu ambayo hadi leo haijanitoka, maana muhuri uliopigwa pembeni mwa sahani ni jina la baba yangu.

Baba ni mhunzi wa Mamba, kule Marangu, ambako uhunzi umekuwa kazi ya ukoo tangu enzi za mikuki. Nimekua nikisikia mivukuto na nyundo. Leo tuna karakana Moshi mjini: presi ya msuguano ya tani 300 tuliyoinunua ikiwa imeshatumika, tanuri linalowaka kwa oili chafu, na mafundi sita. Mimi ndiye ninayeendesha ofisi, ninayepokea lawama na ninayelipa. Ninaandika haya kwa sababu nilipokuwa natafuta maoni ya mtu aliyewahi kutumia huduma hii ya kuigiza ufuaji kwenye kompyuta hapa kwetu, sikukuta hata moja kwa Kiswahili, na fedha niliyotoa si ya kuchezea.

Niseme kwanza tulichojaribu wenyewe. Fundi wetu mkuu, mzee ambaye amesimama kwenye presi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, alisema tatizo ni chuma. Wakati ule tulikuwa tunatumia ekseli chakavu za malori, na ekseli chakavu hujui ndani yake kuna nini. Nikakubali. Tukanunua nondo nzima za C45, daraja la chuma ambalo viungo vyake vinajulikana, kipenyo cha milimita 45, kutoka Dar es Salaam. Tukafua habu kumi, tukakata mbili katikati kwa msumeno. Mkunjo ulikuwa palepale. Haukuwa ufa bado. Ulikuwa mkunjo, yaani chuma kimejilaza juu ya chuma kingine bila kushikana, kama kitambaa kilichopigwa pasi na pindo lake limenasa chini. Kwa nje unapitisha kidole na husikii kitu. Tela likishapigwa na mashimo ya barabara za mashamba kwa miezi michache, mkunjo ule ndio unafunguka na kuwa ufa.

Basi tukawa tumejua kwamba kosa limo katika namna chuma kinavyotembea ndani ya dai, yaani kalibu ya chuma yenye nusu ya juu na ya chini inayokipa kipande umbo. Lakini kinatembeaje? Dai ikishafungwa hakuna anayeona ndani. Unaweka kipande chekundu, presi inashuka, unatoa habu. Kutengeneza dai mpya kunanigharimu karibu milioni tatu na nusu, na kila kubahatisha ni fedha hiyo.

Binamu yangu anayefundisha Arusha ndiye aliyenitajia vijana hawa. Ni wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, wana chumba kimoja Njiro juu ya duka la vifaa vya umeme. Hawana bango. Ukifika uliza "wale wa kompyuta ya chuma", watu wa pale chini wanawajua. Bei waliyonipa ilikuwa shilingi 450,000 kwa kipande cha duara kama habu, pamoja na marudio mawili ukibadilisha umbo. Kwa kipande kisicho cha duara bei ni mara mbili. Nusu unatanguliza.

Nilipanda Coaster asubuhi na fundi mkuu akiwa pembeni yangu amebeba habu iliyokatwa kwenye mfuko wa sandarusi. Tangu Boma Ng'ombe mpaka Tengeru aliniambia mara tatu kwamba tunakwenda kuuziwa mbuzi kwenye gunia. "Chuma hakijui kompyuta," alisema. Sikubishana naye. Mzee kama huyo ukimbishia ndani ya gari, unamkosa karakanani.

Aliyembadilisha si kompyuta. Yule binti alimwamkia, akampa kiti, akafungua kabati na kutoa plastisini, ule udongo laini wa rangi wanaochezea watoto. Alikuwa ameupanga tabaka kwa tabaka, nyeupe na nyekundu, akaukata ukawa kigogo kifupi. Kisha akatoa kidai cha mbao kilichokatwa nusu, upande mmoja umezibwa kwa plastiki ngumu inayoonyesha ndani. "Mzee wangu, bonyeza wewe mwenyewe." Mzee akabonyeza kwa kiganja. Tukaona tabaka zinavyopinda, zinavyokimbilia pembeni, na pale kwenye kona kali ya dai tukaona udongo unaruka kona badala ya kuifuata, unaacha pengo dogo la pembetatu, halafu unarudi kulifunga. Mzee alinyamaza. Akautoa, akaufinyanga upya, akabonyeza tena, polepole zaidi. Pengo lilijitokeza tena palepale.

Binti alieleza kuwa mchezo huo ni wa wahandisi wa zamani: mwaka 1951 Mwingereza A. P. Green alichapisha makala ya kitaalamu kuhusu kutumia plastisini kuchunguza mtiririko wa metali, maana plastisini ya baridi inatembea kwa namna inayofanana na chuma kilichopashwa moto. Kompyuta zilikuja baadaye. Huko Berkeley, Marekani, Shiro Kobayashi na wanafunzi wake walianza kuandika hesabu hizo za kompyuta katika miaka ya 1970, na katika taasisi ya Battelle mjini Columbus, Ohio, ikazaliwa programu ya ALPID, ambayo ndiyo mzazi wa DEFORM inayotumika viwandani leo. Wafaransa nao wana yao inayoitwa FORGE. Ofisi hii inatumia programu ya kulipia ya jamii hiyohiyo.

Nitaeleza inavyofanya kazi kama nilivyoelewa mimi, mtu wa hesabu za duka na si za uhandisi. Kipande chako cha chuma kinagawanywa kwenye skrini kuwa vipande vidogo vidogo, kama wavu wa kuvulia uliotandazwa juu yake. Habu yetu, kwa kuwa ni ya duara, walihitaji kuchora nusu tu ya sura yake iliyokatwa, kompyuta ikajua kwamba nusu hiyo imezungushwa. Wavu wetu ulikuwa na matundu kama 4,000. Dai ya juu inashushwa kidogo, sehemu ya milimita. Kompyuta inauliza kila fundo la wavu: utakwenda wapi? Jibu lazima litimize mambo mawili. Chuma hakiwezi kubanwa kikapungua ujazo, kwa hiyo kikitoka hapa lazima kionekane pale. Na kitapita njia inayokigharimu nguvu kidogo kuliko zote. Ikishapata jibu inashusha dai hatua nyingine, inahesabu upya joto lililopotea kwenye dai na joto lililozaliwa na kule kusagwa, na ugumu wa chuma kwa joto hilo na kasi hiyo. Wavu ukivurugika sana, programu inautupa na kusuka mwingine juu ya umbo jipya, kisha inaendelea. Kwa habu moja ilichukua dakika 40 hivi.

Sasa nifike kwenye lawama yangu kubwa, maana ndiyo itakayomsaidia mwingine.

Ripoti ya kwanza ilisema habu yetu haina tatizo. Hakuna mkunjo. Rangi nzuri kila mahali, pembe zote zimejaa, ushauri pekee ni kwamba tunakata kipande kirefu kupita mahitaji. Niliisoma ofisini kwangu nikiwa na habu iliyokatwa mkononi, mkunjo unaonekana kwa macho. Nilipiga simu kwa hasira, sifichi. Kijana wa kiume akaniuliza kwa utulivu, "Dada, ile joto la nyuzi 1,200 mliyotuambia, mlipima wapi?" Nikamuuliza mzee. Mzee akasema ni ile saa ya kupimia joto kwenye tanuri.

Hapo pana kosa letu, nakubali. Lakini kosa kubwa lilikuwa lao: walikubali namba ya simu bila kuja kuona. Msuguano wa chuma na dai nao waliuweka ule wa kwenye jedwali, 0.3 (0 ni kuteleza bila kizuizi, 1 ni kunata kabisa), kana kwamba tunapaka grafaiti, ule unga mweusi wa kulainisha, wakati sisi tulikuwa tunapaka oili chafu na pumba za mbao. Kompyuta ilifua habu nzuri kabisa, ila haikuwa habu yetu. Mtu anayeuza huduma hii anatakiwa ajue kwamba karakana za kwetu hazifanani na jedwali, na siku ya kwanza ya kazi iwe ya kuja kupima. Niliwaambia hivyo, wakaomba radhi, na wiki iliyofuata wakapanda gari kuja Moshi bila kuniongezea gharama.

Siku hiyo ndiyo iliyonifanya niwaheshimu. Walikuja na kipimajoto kile cha kulenga kama bastola. Mara ya kwanza walipima kipande kikitoka tanurini kikasoma chini sana, mzee akacheka, lakini binti akachukua brashi ya waya, akakwangua magamba, akapima tena palepale kwenye chuma kilicho wazi: nyuzi 1,160. Kisha akashika saa. Kutoka mlango wa tanuri mpaka kipande kukaa ndani ya dai, kijana wetu na koleo lake alitumia sekunde 11, kwa sababu katikati anazunguka nguzo na pipa la maji. Kilipokaa kwenye dai, ngozi yake ilikuwa nyuzi 1,080. Kile tulichodhani ni 1,200 kilikuwa kimepungua nyuzi 120 kabla presi haijagusa.

Baba alikuwa amekaa kwenye benchi pembeni, siku hizi anakuja karakanani kukaa tu. Alisema kitu ambacho binti alikiandika kwenye daftari lake: chuma kikitoka kina rangi ya ndizi mbivu, kikifika kwenye nyundo kikiwa rangi ya chungwa fua upesi, kikiwa damu ya mzee rudisha motoni. Binti alimjibu, "Babu, hiyo ndiyo grafu yetu." Akamwonyesha kwenye kompyuta mpakato: chuma kama C45 kikishuka kutoka nyuzi 1,100 hadi 900, nguvu ya kukisukuma inakuwa karibu mara mbili. Baba alitaka aonyeshwe tena, akawa anafuata ule mstari kwa kidole.

Kisha wakapima msuguano, na hili nitalieleza kwa kirefu kwa kuwa kila karakana inaweza kulifanya bila kompyuta. Unakereza pete ya chuma kwa uwiano wa sita, tatu, mbili. Zetu zilikuwa na kipenyo cha nje milimita 60, tundu milimita 30, kimo milimita 20. Unaipasha moto, unaipaka kilainishi chako kwenye bamba, unaibonyeza kati ya bamba mbili bapa mpaka kimo kiwe nusu. Halafu unapima tundu. Msuguano ukiwa mdogo, chuma chote kinateleza kwenda nje na tundu linapanuka. Msuguano ukiwa mkubwa, chuma cha nje kinagoma kuteleza, basi kile cha karibu na tundu kinakimbilia ndani na tundu linasinyaa. Pete tuliyopaka oili chafu, tundu lilitoka 30 likawa 20. Ile ya grafaiti na maji, waliyoleta wao kwenye dumu, tundu lilibaki 26. Mzee alizishika pete mbili, moja kila mkono, akaziweka juu ya nyingine, akanitazama. Miaka yote hiyo tulikuwa tunapaka oili chafu kwa sababu ni ya bure.

Ukisoma kwenye chati, tundu la 20 lilikuwa msuguano wa kama 0.6, mara mbili ya ule walioweka mwanzo.

Wakarudia hesabu kwa namba zetu halisi. Niliomba nikaone mwenyewe, nikaenda Njiro peke yangu safari hii. Wanakuonyesha kama filamu, unaweza kuisimamisha popote. Kipande kimesimama, milimita 40 za chini zimekaa ndani ya tundu la shingo, na kilichobaki juu ndicho kinachopondwa kuwa sahani. Dai ya juu inashuka. Chuma kinavimba tumbo. Ngozi ya juu na ya chini, iliyopoa kwenye dai, haitaki kusogea, tumbo peke yake ndilo linalokimbia. Zikiwa zimebaki milimita 19 dai ifunge, binti akasimamisha filamu na kukuza ile kona. Kona ya dai yetu ilikuwa na mviringo wa milimita 3 tu. Tumbo lilikuwa limeipita kona kwa juu bila kuigusa, likagusa sakafu ya dai mbele yake, na nyuma yake kukabaki kapengo. Umbo lilelile la plastisini ya mzee. Akasogeza filamu hatua moja moja. Pengo likabanwa, kuta zake mbili zikakutana, zikalala pamoja. Kompyuta ikaupaka mstari huo rangi nyekundu na kuandika kina chake: milimita 2.1. Nilikuwa na kipande chetu kilichokatwa kwenye mkoba. Tukakipima kwa kalipa. Milimita 2.5, mahali palepale.

Nilishikwa na machozi kidogo. Miezi yote niliyodhani kuna kijana wangu anayezembea, nikawafokea watu, na kosa lilikuwa ni milimita tano za mviringo kwenye kona ambayo hakuna jicho linaloiona.

Dawa ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Kuongeza mviringo wa kona ni kupunguza chuma kwenye dai, si kuongeza, kwa hiyo dai ileile ilirudi kwenye mashine ya kukereza. Walijaribu kwenye skrini milimita 5: mkunjo ukapungua lakini ukabaki. Milimita 8: chuma kikafuata kona kama maji yanavyofuata ukingo wa mfereji. Pia walipanua mwanya wa ndevu, ule ukingo mwembamba wa chuma unaobanwa nje ya sahani, kutoka milimita 1.5 hadi 2.5, na mzigo wa juu kabisa wa presi ukashuka kutoka tani 340 hadi tani 250. Presi yetu ni ya 300. Ndiyo maana ilikuwa inalia kila pigo la mwisho, na nguzo zake tumezikaza nati mara ngapi mwaka huu.

Urefu wa kipande nao: tulikuwa tunakata milimita 110, wakasema 92 zinatosha na ziada kidogo. Nilipiga hesabu mwenyewe usiku huo. Kwa kipenyo cha 45, hizo milimita 18 ni zaidi ya gramu 220 za chuma kila habu, chuma nilichokuwa nakinunua, nakipasha moto kwa mafuta, kisha nakikata na kukitupa kama ndevu. Nondo ya mita 6, ukihesabu na unene wa msumeno, ilikuwa inanipa vipande 53. Sasa inanipa 63.

Tulifua ishirini kwa dai iliyorekebishwa, tukiwa na grafaiti, na pipa la maji limehamishwa ili kijana apite moja kwa moja. Sekunde 11 zikawa 6. Moja tukaikata katikati. Binti alitufundisha kuisugua kwa msasa mpaka ing'ae, kisha kuichovya kwenye asidi hidrokloriki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu na kupashwa moto hadi nyuzi 70 hivi. Tulifanya nje, upepo ukiwa nyuma yetu, tukiwa na glavu na miwani. Baada ya dakika kama 20 akaiosha na kuikausha. Nyuzi za chuma zilikuwa zimejitokeza, mistari myembamba kama ya ubao wa mninga, inapanda kwenye shingo, inapinda taratibu kwenye kona na kutandaa kwenye sahani bila kukatika popote. Akaweka karibu yake karatasi aliyochapa kutoka kwenye kompyuta. Mistari ilifanana. Baba aliichukua ile habu, hakuiweka chini mpaka jioni.

Mteja wa Chekereni ilibidi tukubaliane naye jambo moja: kona ikiwa na mviringo mkubwa, washa yake ya zamani, ile pete bapa ya chuma, haikai sawasawa, inabidi ikwanguliwe ukingo wa ndani. Alikubali. Habu hizo zimefanya kazi msimu mzima wa mavuno na nimezikagua mwenyewe shambani mara mbili, nimelala chini ya tela na tochi. Hazina ufa.

Yasiyonifurahisha, mbali na lile la kutokuja kupima mapema. Waliahidi siku tano, kazi ya pili ikachukua kumi na nne. Sababu mojawapo ni umeme: ulikatika hesabu ikiwa inaendelea na hawana betri ya akiba, wakaanza upya. Watu wanaotoza fedha hii wanunue betri. Ripoti waliyonipa ilikuwa kurasa 31, yote kwa Kiingereza, na picha za rangi zisizo na maelezo; mafundi wangu wangeiona kama kalenda. Nilidai niandikiwe ukurasa mmoja kwa Kiswahili, wenye vipimo vya kuweka kwenye dai na joto la kufulia, na huo ndio uliobandikwa ukutani pale kwenye presi. Nadhani ukurasa huo ungekuwa sehemu ya kazi tangu mwanzo. Tena hawatakwambia dai itadumu vipande vingapi kabla ya kupasuka. Niliwauliza, wakasema wazi kwamba kwa vipimo walivyo navyo wasingependa kunidanganya. Hilo nililipenda kuliko ahadi.

Na kama unatumia chuma chakavu kisichojulikana, usiende kwao bado. Waliniambia wenyewe. Programu inahitaji kujua ugumu wa chuma chako kwa kila joto na kila kasi. C45 imo ndani tayari, imepimwa na watu wengi, lakini ekseli ya lori lililokufa haimo. Kwa fundi anayefua shoka moja moja kwa nyundo huduma hii haina kazi, macho na mkono vinatosha. Kwa anayekwenda kukereza dai na kufua mamia, 450,000 ukiiweka karibu na milioni tatu na nusu ya dai mpya, mimi nilishajibu.

Ninawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeishikilia kwa ile ripoti ya kwanza.

Mwezi huu tunawapelekea sururu. Tundu la mpini linatusumbua, upande mmoja unajaa na mwingine unabaki na upungufu, na kwa kuwa sururu si ya duara hesabu yake inachukua usiku mbili na bei ni 900,000. Nimeshatanguliza nusu. Safari hii wao ndio waliouliza wanakuja lini kupima, na mzee wetu ameshakereza pete sita, amezipanga dirishani kwake, akisema zisiguswe na mtu mpaka yule binti afike.